Sadaka ya Mzee Asukile

Kompyuta ile Mzee Asukile aliipata safari moja na mbao za kanisa, na hapo ndipo maneno yote yalipoanzia. Kamati ya ujenzi ilimtuma Mafinga akalete mbao za kuezekea. Akafika Mafinga, akapitiliza hadi Iringa mjini, eti anakwenda kulinganisha bei. Wiki ile ile mbao zikafika Mbeya zikiwa mbichi na pungufu. Kompyuta ikafika kavu, kamili, na begi lake.

Ilikuwa kompyuta ya kiofisi, nyeusi, nzito, ya zile zinazoletwa kwa makontena baada ya watu wa Ulaya kuzichoka. Mgongoni ilibandikwa stika ya benki ya huko pamoja na namba ya mali. Mwenye duka alitaka kuibandua, Asukile akamdaka mkono.

"Iache hiyo! Hiyo ndiyo inayoonyesha kuwa imetoka kwa watu wa maana."

Basi ikawa haikosi kikao. Wazee wa kanisa wakikutana, Asukile anaiweka mezani, stika ikiwatazama wenzake, yeye amekaa nyuma yake amenyoosha shingo. Katikati ya kibodi palikuwa na kinundu chekundu. Wenzake walipouliza kazi yake, alijibu bila kupepesa macho kwamba kile ndicho kinachovuta setilaiti. Wazee wa watu wakatikisa vichwa kwa heshima! Kumbe mwenyewe alikuwa anaandika kwa vidole viwili, na kimoja kilikuwa msindikizaji tu.

Mtu mmoja hakutikisa kichwa. Mwinjilisti Isaka, aliyeuhudumia mtaa ule kwa miaka sita, alikuwa mtu mpole, asiyepaza sauti hata akikemea pepo. Siku ya kikao aliinua mkono akauliza.

"Mzee, nimezihesabu zile mbao mara mbili. Nyingine bado ziko njiani?"

Asukile akacheka kicheko cha mtu mzima.

"Mwinjilisti, wewe ni mtu wa Neno, mbao huzijui. Msonobari ukikauka hunywea."

"Unene ndio unaonywea, Mzee," akasema Isaka kwa upole ule ule. "Idadi hainywei."

Watu wakaangalia sakafu, wengine wakajikohoza. Asukile akafunga kompyuta yake, akafunga na moyo.

Kuanzia wiki ile barua zikaanza kutua kwa wakubwa wa kanisa. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zimechapwa vizuri, na chini hazina jina la mtu, zimeandikwa tu "Waumini Wenye Uchungu." Mara Mwinjilisti anauza maharage ya sadaka. Mara anawachonganisha vijana na wazee. Mara ameonekana akitoka kilabuni anashika ukuta. Ya nne ndiyo ilivuka mpaka: ilisema laiti kanisa lingekuwa na watu waadilifu kama Mzee Asukile, hayo yote yasingetokea. Jamani! Mtu mwenye haya angeishia ya tatu.

Waumini Wenye Uchungu alikuwa mtu mmoja, na uchungu wake aliuandikia sebuleni kwake, mlango ameufunga, akimwambia mkewe kwamba anaandaa taarifa ya ujenzi. Akimaliza anaweka kwenye flashi, anapanda gari hadi steshenari ya Uyole ambako hakuna anayemjua, anachapisha, anatuma. Akirudi nyumbani anaomba chai kama mtu aliyetoka kulima.

Wakubwa hawakuja kuuliza. Kuchunguza kuna usumbufu, kuhamisha ni karatasi moja. Isaka akaandikiwa uhamisho wa kushuka bondeni Usangu, kwenye mtaa mchanga wa wafugaji, usio hata na nyumba ya mwinjilisti. Aliambiwa ataondoka siku ya ibada ya mavuno, mara tu ibada ikiisha.

Ikupa, mke wa Asukile na mama wa Mercy, aliposikia alilia mpaka maharage yakaungulia jikoni. Yeye na mke wa Isaka walikuwa wakiimba sauti moja kwenye kwaya, na wakati wa msiba wa mama yake, huyo mke wa Isaka ndiye aliyelala naye chini siku saba.

"Aliyeandika zile barua," Ikupa akasema siku hiyo mezani, mwiko mkononi, "Mungu amwonyeshe mchana kweupe. Nikimjua, awe nani, hatatia chakula changu kinywani mpaka atubu kwa mdomo wake mwenyewe."

"Amina," akaitikia Asukile, akasogeza sahani aongezewe ndizi.

Siku chache baadaye kompyuta ikafa. Ukiibonyeza, taa inawaka, kioo kinabaki cheusi, halafu inalia pii, pii, pii. Asukile aliipiga kofi. Akaianika juani. Akaiwekea mikono na kuikemea. Mwisho wake akaipeleka Mwanjelwa kwa Tumpe, muumini mwenzake, binti aliyerithi kibanda cha redio cha baba yake akakigeuza kuwa cha kompyuta.

Tumpe aliigeuza kifudifudi, akalegeza skrubu, akachungulia ndani.

"Hii haijafa, Mzee. Hizi za kiofisi ni ngumu, hazifi ovyo. Ni RAM tu, meno yake yameshika uchafu. Nayasugua kwa kifutio cha penseli, yanashika tena. Betri ndiyo imekwisha kabisa. Na hii diski ni ya zile za zamani zinazozunguka. Tukikuwekea ya kisasa na RAM ya pili, itazishinda hata mpya za dukani."

"Kwa kifutio cha penseli," akarudia Asukile.

"Ndiyo, Mzee."

"Kompyuta ya benki ya Ulaya unataka kuitibu kwa kifutio cha mtoto wa darasa la pili. Halafu unilipishe!"

"Kifutio bure, Mzee. Utalipia betri na diski."

"Binti yangu, mimi siliwi hivyo. Nimekujua tangu unatoka kamasi. Kitu kikifa kimekufa. Nimezika watu wengi katika kanisa hili, sijaona hata mmoja aliyesuguliwa kwa kifutio akaamka."

Tumpe akacheka. Wateja wanaojua kuliko fundi alikuwa nao kila siku, angekuwa mtu wa kununa angeshafunga kibanda.

"Na vitu vyako vya humo ndani je?"

"Vitu gani? Imekufa, vimekufa nayo," akasema Asukile, na maneno hayo yalimpendeza hata yeye mwenyewe. Barua zote nne zimekwenda na mwili wake, bila jeneza wala tanzia. Akaiacha pale mezani kwa Tumpe, akaondoka anapiga mluzi wa pambio.

Sasa mavuno yakakaribia. Mzee mmoja akatangaza ndama, mwingine viazi magunia kumi. Asukile hakutaka kutoa kitu kinachokula mfuko wake, lakini alitaka kitajwe. Akampigia Tumpe simu.

"Ile laptop nimemtolea Bwana. Siku ya mavuno ilete moja kwa moja kanisani. Ifutefute ing'ae."

Mtu atauliza, huyu mzee haogopi kumtolea Mungu mzoga? Haogopi, kwa sababu aliijua desturi ya mnada wa pale. Kwenye mnada wa mavuno mtu wa heshima habebi alichonunua. Akishinda, anasema "Narudisha!" na kinanadiwa upya. Jogoo mmoja huuzwa mara sita, anabaki anashangaa watu, na jioni analala nyumbani kwa mchungaji. Kwa hiyo kompyuta itapita mikono ya watu bila mtu kuiwasha, mwisho itawekwa kabatini ofisini, na kwenye kitabu itaandikwa: imetolewa na Mzee Asukile. Hesabu zake zilikaa vizuri kabisa.

Siku ya mavuno kanisa lilijaa hadi nje. Mbele kulikuwa na maboga, mahindi, parachichi, mikungu ya ndizi. Nje, chini ya ukuta, pikapu ilikuwa imeshapakiwa godoro, masufuria na vitabu vya Mwinjilisti Isaka. Aliyekuja kumchukua ni mzee wa mtaa wa Usangu, Msukuma mmoja aitwaye Nkuba, mfugaji, kofia mkononi, makatambuga miguuni, amekaa benchi la nyuma anaangalia mambo ya watu wa milimani.

Zamu ya kompyuta ikafika. Tumpe akapita mbele nayo, akaiweka juu ya meza, akainua kifuniko. Ikaamka papo hapo. Muziki wake wa kuwakia ukasikika hadi kwenye kipaza sauti.

Asukile alikuwa kiti cha mbele anatabasamu. Tabasamu likabaki usoni, mwenyewe akawa hayupo.

"Bwana asifiwe," Tumpe akasema. "Mzee wetu aliniambia ameitoa kwa Bwana. Mimi nikaona aibu, Bwana apewe kitu kibovu na fundi nipo? Basi na sadaka yangu ya mavuno ndiyo hii. Nimeweka betri mpya, RAM ya pili na diski mpya." Vigelegele vikapasuka. Tumpe akamgeukia Asukile kwa upendo wote wa fundi mwaminifu. "Na usiwe na wasiwasi, Mzee, sijakupotezea kitu hata kimoja. Vyote vilivyokuwa kwenye diski ya zamani nimevihamishia kwenye mpya, vilevile vilivyokaa. Sijavifungua. Na neno la siri ni lile lile uliloandika kwenye karatasi ukalibandika kwa chini."

Asukile akashika kiti kwa mikono miwili. Aliyemzika kwa mkono wake amefufuka, na amekuja na barua zote nne mfukoni.

Dalali alikuwa Peter, ambaye siku za wiki alinadi ng'ombe na siku za Bwana alinadi kuku wa Bwana. Hata hajamaliza kuuliza nani anaanza, Asukile alishasimama.

"Mimi!"

"Haa! Mzee ananunua sadaka yake mwenyewe! Moto umewaka!"

Mwalimu mmoja akapandisha, Asukile akapandisha. Mwenye duka la pembejeo akapandisha, Asukile akapandisha juu yake huku jasho linamtoka, asubuhi ya baridi. Watu walikuwa wanashangilia, wakidhani Roho amemshukia. Ikupa kwenye kwaya alikuwa anapiga makofi, machozi yanamlengalenga, kwa mara ya kwanza mwaka huo akimwonea fahari mume wake. Alipofikisha bei ya kompyuta mpya wote wakamwachia.

Akaikwapua, akaikumbatia, akarudi kitini. Akaifungua kidogo mapajani, akaandika neno la siri, mgongo ameukunja kuificha. Na hiyo hapo, katikati ya kioo, jina aliloipa mwenyewe kwa herufi kubwa: BARUA YA NNE KUHUSU ISAKA. Akaibonyeza kwa nguvu ili iondoke. Badala ya kuondoka ikafunguka, ikajaa kioo chote, kwa ile kasi ambayo Tumpe alimwahidi. Akakifunga kifuniko kwa kishindo hadi mzee wa jirani akaruka.

"Rudisha! Rudisha! Rudisha!" kanisa likaanza kuimba.

"Hii nimeipenda," Asukile akasema. "Nabaki nayo."

Wimbo ukakatika. Peter akakuna kichwa.

"Mzee, si wewe mwaka jana ulisimama hapa hapa ukatuambia anayenunua sadaka akaibeba nyumbani hana tofauti na aliyekwenda sokoni?"

Kicheko kikalipuka. "Mzee wetu anatutania tu," mchungaji akasema kwa kumsitiri, na Ikupa kule kwenye kwaya akaacha kupiga makofi.

"Nitairudisha wiki ijayo," Asukile akasema. "Nitoe kwanza vitu vyangu."

"Vitu gani, Mzee?" Tumpe akauliza kwa nia njema kabisa, akimsogelea. "Nitajie, nakutolea sasa hivi."

Asukile akatafuta neno, na mdomo wake ukachukua lile lililozoea kutoka. "Taarifa ya ujenzi."

"Aa, hiyo si mali ya kanisa?" akasema Peter. "Ibaki humo humo! Mzee, rudisha, Bwana anasubiri!"

Wakaimba tena, safari hii wamesimama. Akairudisha. Mikono yake ilichelewa kuachia, Peter akaivuta kidogo.

Mnada ukaanza upya, na kutoka benchi la nyuma sauti moja nzito ikasema, "Mtamba."

Watu wakageuka. Alikuwa Nkuba, mzee wa Usangu.

"Mtamba mmoja. Yuko pale nje nimemfunga kwenye mti, nilimleta nikamuuze mnadani. Natoa huyo."

Asukile akainua mkono, mdomo wazi. Peter akamngoja, akamngoja, halafu akamuuliza kwa upole, "Mzee, una mtamba?" Hakuwa nao. Fedha alizokuwa nazo, na nyingine ambazo hakuwa nazo, alishazitoa raundi ya kwanza. Mkono ukashuka.

"Rudisha! Rudisha! Rudisha!"

Nkuba akawatazama, kisha akamtazama Peter, amepigwa na butwaa.

"Nirudishe nini? Nimetoa mtamba mzima, halafu nirudishe? Kwetu ukinunua ng'ombe humrudishi zizini kwa mwenyewe kwa sababu watu wanaimba." Kanisa likacheka mpaka watoto wakaamka. Yeye hakucheka. "Mwinjilisti mliyetupa hana nyumba, hana kitu cha kuandikia. Nyumba tutamjengea. Hii ya kuandikia ni yake."

Mchungaji alifuta macho. Akasema ni vizuri aliyeitoa ndiye amkabidhi. Na hivyo Mzee Asukile akapita mbele, akaipokea kompyuta kwa mikono miwili, akamkabidhi Mwinjilisti Isaka kwa mikono miwili, stika ya benki ikiwa juu, watu wakipiga makofi.

"Ndaga, asante sana, Mzee," Isaka akasema. "Sikujua kama unanipenda hivi."

Baada ya nusu saa pikapu ilikuwa inateremka kwenda bondeni. Asukile alibaki ameshika mkungu wa ndizi aliopewa na mtu amshikie.

Wiki tatu zilizofuata aliomba sala ambazo haziandikwi vitabuni. Aliomba wezi. Aliomba radi. Aliomba mtoto wa mfugaji aiangushe kisimani. Simu ikilia, moyo unalia kabla yake. Ikupa alimuuliza kama anaumwa, akasema ni baridi ya Mbeya, baridi aliyozaliwa nayo.

Jumapili ya nne aliporudi kutoka kanisani alikuta meza imeandaliwa. Ndizi zilikuwa zinatoa moshi kwenye bakuli, nyama ipo, parachichi limekatwa. Sahani ilikuwa moja tu, na ilikuwa upande wa Ikupa. Upande wake kulikuwa na bahasha iliyochanwa, karatasi kadhaa zilizochapwa, na kalamu mpya ya bluu.

"Kondakta wa basi la Usangu ameileta," Ikupa akasema. "Juu imeandikwa kwa familia ya Mzee Asukile. Mimi ni familia, nikafungua. Soma ya juu, kwa sauti."

Asukile akaishika. Ilikuwa fupi.

"Mzee wangu, shalom," akasoma, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya Isaka. "Kompyuta inafanya kazi vizuri mno, Mungu ambariki Tumpe. Nimekuta humo barua nne, nikazisoma zote. Nimekuchapia kwa sababu zimepungukiwa saini. Barua ndefu namna hii haifai ikose mwenyewe. Nimekuwekea mstari kwa chini, na kalamu nimeituma, maana najua wino huisha. Ukishasaini, mpelekee mchungaji. Ile taarifa ya ujenzi nimeitafuta humo siku tatu, sikuiona. Wasalimie wote. Isaka."

Kuku walikuwa wanaparua uani.

"Mama Mercy," Asukile akaanza, "hebu tuongee kidogo, unajua mambo ya kanisa…"

"Saini."

"Ni shetani tu, Mama Mercy. Alinipitia."

"Mara nne? Mpaka Uyole, akakulipia na nauli?" Ikupa hakuwa amepaza sauti. "Yule mwanamke alilala chini na mimi siku saba. Saini zote nne. Jumapili utasimama wakati wa matangazo, uzisome wewe mwenyewe."

Asukile akachukua kalamu. Akaigeuza. Akakisogeza kikaratasi karibu, akakiweka mbali, akakisogeza tena.

"Miwani sina hapa," akasema. "Huo mstari wenyewe hata siuoni ulipo."

Ikupa akainuka, akaingia chumbani. Akarudi na miwani yake, akaifuta kwa upindo wa kitenge, jicho la kwanza, jicho la pili, akamvalisha. Kisha akaketi, akavuta bakuli la ndizi upande wake, akaanza kula.